Programu haipo dukani: karakana imezidiwa

KIWENGWA, Unguja. Msomaji wa ukurasa huu amezoea kukuta hapa bei ya karafuu, mwani, saruji na dola. Wiki hii tunaangalia bidhaa ambayo haishushwi bandarini Malindi wala haipangwi sokoni Darajani, lakini uhaba wake unaweza kumtia hasara mwenye nyumba ya wageni kama uhaba wa dizeli. Bidhaa hiyo ni programu za kompyuta na simu, hasa zile zinazotolewa bure.

Kiwengwa, katika Wilaya ya Kaskazini 'B', inajulikana zaidi kwa mahoteli makubwa yanayopokea Waitaliano. Mahoteli hayo yana mikataba na watengenezaji wa programu, na yana mafundi wa kulipwa. Pembeni yake wapo wenye nyumba ndogo za wageni, wauza vinyago, waendesha ngalawa za watalii na waongoza watalii. Hao huandika hesabu zao kwenye kompyuta za mtumba na kupokea wageni kwa simu za bei nafuu.

Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Watumiaji wa kawaida waliotaka muda wa nyongeza walipewa mwaka mmoja tu, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliki kwa Windows 11. Mwenye mtaji mdogo amebaki na njia mbili: anunue mashine mpya au ahamie Linux, ambayo ni bure na halali. Njia ya pili ina nafuu kubwa. Hata hivyo, kama ilivyo kwa bidhaa yoyote, kabla ya kuitegemea yafaa ajue inatoka wapi na nani anaitengeneza.

Mahindi yapo, unga haupo

Mtaalamu anapotunga programu, huandika msimbo, yaani maelekezo ambayo binadamu anaweza kuyasoma. Msimbo huo lazima upitishwe kwenye kompyuta maalumu, ambayo hapa tutaiita karakana, ili ugeuzwe kuwa kitu ambacho mashine ya mteja inaweza kukiendesha. Ni sawa na mahindi na sembe. Mkulima anaweza kuwa amevuna vizuri, lakini mashine ya kusaga ikizidiwa, duka halitakuwa na unga. Mteja akikuta rafu tupu hudhani mkulima hakulima.

Kosa hilo hufanywa na watumiaji wengi wa programu. Wanatafuta programu na kuambiwa haipo, au wanapewa toleo la zamani. Wanalaumu mtandao, wanaongeza vocha na kujaribu tena. Kumbe mtungaji amekwisha kumaliza kazi yake siku nyingi, na kilichobaki ni zamu kwenye karakana.

Chukua mfano wa karakana yenye uwezo wa kuunda programu 100 kwa siku. Zikiletwa 90, hakuna foleni. Zikiletwa 110, kila siku 10 zinalala nje. Baada ya siku 30 foleni imefika 300, ambayo ni kazi ya siku tatu nzima hata kama hakuna kipya kitakacholetwa. Aidha kazi zenyewe hazilingani. Programu ndogo huchukua dakika chache, lakini LibreOffice, inayotumika kuandika barua na hesabu, au kivinjari cha Chromium, huweza kuishughulisha mashine kwa saa nyingi na kudai kumbukumbu kubwa.

Lugha nazo ni mzigo wa karakana hiyo hiyo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Tafsiri ni kazi ya wanadamu, lakini kila toleo jipya linapotoka lazima mashine fulani ilikusanye upya pamoja na tafsiri hiyo. Mashine hiyo isipokuwapo, Kiswahili hubaki katika toleo la zamani.

Mgao kwa wenye mashine chakavu

Mradi wa Debian, ulioanzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock, ni mmoja wa wasambazaji wakubwa wa programu za bure duniani. Hauuzi kitu, unaendeshwa na watu wanaojitolea, kwa mashine na fedha za wafadhili. Toleo lake la 13, lililotoka Agosti 9, 2025, lina vifurushi vya programu karibu 70,000 (visichanganywe na vifurushi vya intaneti vinavyonunuliwa kwa vocha). Toleo hilo linahudumia aina saba za prosesa, na programu nyingi hulazimika kuundwa upya kwa kila aina.

Kazi ikizidi uwezo, mgao huanza. Machi 2005, wasimamizi wa Debian walipokutana Vancouver, Kanada, walipendekeza kwamba aina ya prosesa inayohitaji karakana zaidi ya mbili ili kwenda sambamba na kazi isiingizwe katika toleo rasmi. Prosesa za Motorola 68000, zilizokuwa kwenye kompyuta za zamani za Amiga, Atari na Macintosh, zilikuwa za taratibu mno. Toleo la Aprili 2007 lilitoka bila ya hizo.

Mwaka 2025 zamu iliwafikia wenye kompyuta za kawaida za biti 32. Debian 13 haina tena njia rasmi ya kuwekwa kwenye mashine hizo. Wenye nazo walishauriwa waweke toleo la biti 64 kama mashine inakubali, au waistaafishe. Safari hii sababu haikuwa karakana peke yake, bali pia watumiaji na watunzaji walikuwa wamepungua. Hata hivyo kanuni ni ile ile: nguvu ikiwa ndogo hupelekwa penye wateja wengi, na mwenye mashine kongwe huachwa nje.

Upande wa simu, mfano wa karibu ni F-Droid, ghala la programu za bure za Android lililoanzishwa mwaka 2010. Humo imo OsmAnd, ramani inayofanya kazi bila mtandao, ambayo humfaa sana mwongoza watalii anayepita njia za mapango ya Kiwengwa. F-Droid ina desturi ya kuchukua msimbo na kuusaga yenyewe, ili mteja awe na hakika kwamba hakuna kilichochanganywa. Agosti 2025 ilidhihirika kwamba zana mpya ya Google ya kuundia programu za Android inahitaji uwezo ambao prosesa kongwe za F-Droid hazikuwa nao. Programu nyingi ambazo watungaji wake walikwisha kuzirekebisha zilishindwa kuundwa. Mtumiaji hakuiona sababu. Aliona tu kuwa toleo jipya halipo. Mwishoni mwa mwaka huo F-Droid ilitangaza kupata seva mpya kwa fedha za michango, badala ya ile iliyokuwa imezidi umri wa miaka kumi.

Bei haipandi, siku zinapanda

Chuoni tulifundishwa kwamba bidhaa inapoadimika bei hupanda, na bei ikipanda mtaji huvutika, viwanda huongezwa. Kwa programu za bure bei haina pa kupanda. Kinachopanda ni siku za kusubiri, na siku hizo hazionekani kwenye mizania ya mtu yeyote. Ndiyo maana karakana huweza kuzeeka miaka mingi bila mteja kujua, mpaka siku inaposimama.

Wazanzibari hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Mei na Juni 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilikaa gizani kwa sababu ya hitilafu za njia moja ya umeme, inayotoka Tanzania Bara kupitia waya wa chini ya bahari hadi Ras Fumba. Mashine za kuzalisha umeme huko Bara zilikuwapo na wateja walikuwapo. Kilichokosekana ni njia. Mwenye hoteli aliyekuwa na jenereta alichoma dizeli, asiyekuwa nayo alipoteza wageni. Waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulizinduliwa mwaka 2013 kwa msaada wa Marekani.

Kwa mfanyabiashara mdogo wa Kiwengwa, ushauri wa ukurasa huu si kuzikimbia programu za bure. Gharama yake bado ni ndogo kuliko leseni. Ushauri ni kuzihesabu kama bidhaa nyingine yenye msambazaji mmoja.

Kwanza, anayenunua kompyuta ya mtumba ahakikishe prosesa yake ni ya biti 64. Baadhi ya mashine zina prosesa hiyo lakini zimewekewa Windows ya biti 32, hivyo asiikatae wala kuikubali kwa kutazama kioo tu. Pili, kazi ya kubadilisha programu ifanywe wakati wa masika, Aprili na Mei, wageni wanapokuwa wachache, wala si Julai au Desemba. Tatu, asifute toleo linalofanya kazi kabla jipya halijajaribiwa, na nakala ya hesabu zake iwe kwenye diski nyingine nje ya kompyuta hiyo. Nne, wenye nyumba za wageni wanaotumia programu moja wanaweza kuchangishana kidogo kila mwaka na kuupelekea mradi unaoiunda.

Mchango huo usiandikwe katika daftari kama sadaka. Uandikwe pamoja na dizeli ya jenereta, katika gharama za kuendesha biashara.