Kenya: Skrini za kugusa zawaacha wazee bila siri

Mzee anayepokea kwa M-Pesa fedha za mwanawe aliye Nairobi anahitaji namba ya siri aijuayo peke yake. Simu janja zinazoenea nchini Kenya zimeitia siri hiyo mashakani. Anayeshindwa kuendesha skrini humwita mjukuu au jirani, kisha humtajia namba yake.

Huduma hiyo ilipoanza mwaka 2007, simu nyingi zilikuwa za vitufe. Kidole kilihisi kitufe kikizama, hata kwa mtu asiyeona vizuri. Skrini ya kugusa ni kioo kitupu. Hutambua kidole kutokana na mabadiliko madogo ya umeme, na kwa kuwa ngozi ya uzeeni huwa kavu, mguso sahihi huenda usitambuliwe. Mwenye simu hubonyeza kwa nguvu zaidi bila faida, kwani kioo cha kawaida hakipimi nguvu. Akikawia kuinua kidole, simu hufungua orodha asiyoihitaji. Mkono ukitetemeka, mguso mmoja huhesabiwa kuwa miwili. Lawama humwangukia mzee, ilhali kosa ni la aliyebuni.

Marekebisho yanajulikana. Mwongozo wa Google kwa programu za Android hupendekeza eneo la kugusa lenye upana wa takriban milimita 9, na kwa mkono unaotetemeka hicho ni kiwango cha chini tu. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya rangi nyeupe, yanayopendwa mno na wabunifu vijana, yafaa kuachwa. Nchini Japani, kampuni ya Fujitsu ilitengeneza mwaka 2012 simu janja ya Raku-Raku, ambayo skrini yake hutofautisha kugusa na kubonyeza, kisha hutikisika kidogo kumjulisha mtumiaji kwamba amesikika.

M-Pesa nayo huonyesha jina la mpokeaji kabla fedha hazijaondoka, na kinga hiyo imewaokoa wengi. Hata hivyo, katika menyu ya laini ya simu, muda wa kusitisha ni sekunde chache, na mtu asipofanya lolote fedha huenda. Kwa anayetafuta miwani yake, ingefaa zibaki hadi atakapokubali.

Menyu ya *334# ingali inafanya kazi kwenye simu ya vitufe, na wapo wazee wasiokubali kuiacha.