Nyufa za Dunia: Mabingwa Sita Waliosomwa kwa Mitetemo

Ufa mkubwa hujificha chini ya miamba. Wanajiolojia huusaka kwa kuitikisa ardhi kwa baruti au mizinga ya hewa, au kwa kungoja tetemeko lenyewe, kisha husikiliza mwangwi unaorudi na kuuchora. Hawa ndio washindi.

1. Mpasuko mrefu kuliko yote iliyopimwa
Tetemeko la Sumatra, Indonesia, 26 Desemba 2004. Kilomita 1,300 zilichanika kwa dakika kama 10! Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni kilomita 1,250 hivi, na garimoshi la zamani hulala njiani. Ufa ulifika na kupitiliza kabla chai haijapoa. Mawimbi yake yaliua watu hadi pwani yetu ya Afrika Mashariki.

2. Uso mpana kuliko wote ulio wazi
Ufa wa Banda, Indonesia, chini ya bahari yenye kina cha zaidi ya kilomita 7. Uso wake ulio wazi una takriban kilomita za mraba 60,000. Chukua Rwanda yote, ongeza Burundi yote, bado hujaufunika.

3. Mtelezo mkubwa, ufa mwembamba
Huyu ananistaajabisha zaidi. Mwaka 2011, Japani, ufa wa Tohoku ulisogea kama mita 50: mabasi manne ya mkoani yakipangwa moja nyuma ya jingine. Mwaka uliofuata meli ya Chikyu ilishusha mitambo kwenye maji ya karibu kilomita 7, ikatoboa zaidi ya mita 800 chini ya sakafu ya bahari na kuukuta. Unene wake? Chini ya mita 5, udongo laini unaoteleza. Daladala moja ni ndefu kuliko unene huo. Picha ya mitetemo mara nyingi haitenganishi tabaka zenye unene wa chini ya makumi ya mita, kwa hiyo jitu hili lingeweza kupita bila kuonekana.

4. Shimo refu zaidi la kuusahihisha mwangwi
Kola, Urusi: mita 12,262 kwenda chini. Ni Kilimanjaro mbili na ziada ya mita 472, kwenye tundu la upana wa sahani! Mwangwi ulikuwa umetafsiriwa kwamba kwenye kilomita 7 hivi itale inaishia na basalti inaanza. Keekee ilipofika, basalti haikuwepo. Palikuwa na miamba iliyovunjikavunjika na kujaa maji.

5. Bingwa wa nyumbani
Tanganyika, ziwa refu kuliko yote ya maji baridi: kilomita 673. Nairobi hadi Mombasa ni kama 480 tu. Kina ni mita 1,470, sawa na majengo 14 ya KICC yaliyobebana. Na hapo ndipo hesabu inapoanza, kwa sababu chini ya maji kuna kilomita kadhaa za matope yaliyogandamana. Miaka ya 1983 na 1984, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani walipita na meli wakipiga mitetemo. Picha zikafichua kwamba ufa mkuu haukai upande mmoja: sehemu moja umesimama upande wa Tanzania, mbele umehamia Kongo, kisha unarudi.

6. Fumbo gumu kuliko yote
Taji ni hili. Mwaka 2007 mwanajiolojia Clare Bond na wenzake walichapisha matokeo ya mtihani: picha moja ya mitetemo, ya kutengenezwa, ambayo jibu lake lilijulikana tangu mwanzo. Wataalamu 412 waliichora. Baadhi waliona miamba iliyovutwa, wengine iliyobanwa, wengine hata chumvi iliyopanda. Ukweli ulikuwa ardhi iliyovutwa kwanza, kisha ikabanwa. Waliopatia ni asilimia 21. Wapandishe wote kwenye mabasi ya abiria 60: utajaza karibu mabasi saba. Waliopatia hawajazi hata basi moja na nusu!