Somo la Hesabu: Marudio ya Uwezekano na Ukadiriaji

Mtihani umekaribia, kwa hiyo leo hatuanzi jambo jipya. Tutarudia habari za uwezekano na ukadiriaji. Chukueni daftari na penseli, tufanye hesabu pamoja.

Kwanza, uwezekano. Jambo lisiloweza kutokea kabisa lina uwezekano wa 0. Jambo ambalo halina budi kutokea lina uwezekano wa 1. Ukirusha shilingi, pande ni mbili, basi uwezekano wa kupata kichwa ni nusu. Kichwa kikitokea mara tano mfululizo, usidhani kwamba mara ya sita sharti utokee upande wa pili. Shilingi haikumbuki yaliyopita. Uwezekano ni nusu vile vile.

Pili, ukadiriaji. Tuseme una gunia la mbegu za mahindi, na mvua za masika zi karibu. Je, mbegu hizo zitaota? Huwezi kuzijaribu zote, maana hutabakiwa na kitu cha kupanda. Basi unachukua punje 100, unazifunga katika kitambaa kibichi, na baada ya siku saba unahesabu zilizoota. Punje hizo ndizo sampuli. Mpishi huonja mchuzi kwa kijiko kimoja, lakini hukoroga kwanza. Nawe usichote punje za juu tu. Huenda za chini zimepata unyevu au zimeliwa na wadudu. Changanya vizuri, kisha chota bila kuchagua.

Tuseme zimeota 80. Je, gunia zima litaota 80 kwa mia kamili? La. Punje 100 nyingine zingeweza kutoa 77 au 84. Kadiria kosa hivi:

1. Zidisha zilizoota kwa mia na zisizoota kwa mia: 80 × 20 = 1600.
2. Gawanya kwa idadi ya punje: 1600 ÷ 100 = 16.
3. Tafuta kipeuo cha pili: 4.
4. Zidisha kwa 2: 8.

Kwa hiyo tunakadiria kwamba gunia litaota kati ya 72 na 88 kwa mia. Njia hii ikitumiwa mara nyingi, hupata ukweli mara 95 hivi katika kila 100. Ukipima punje 400, na 80 kwa mia zikaota, kosa hushuka hadi 4. Angalia: punje zimeongezeka mara nne, lakini kosa limepungua kwa nusu tu.

Tatu, tuunganishe mambo haya mawili. Ukipanda punje moja moja, katika mashimo 100 tazamia 20 matupu. Ukipanda mbili mbili, uwezekano wa zote mbili kutoota ni 0.2 × 0.2 = 0.04, yaani mashimo 4 tu. Lakini tahadhari! Tunazidisha hivyo ikiwa punje moja haitegemei nyingine. Panya akifukua shimo hula zote mbili, na ukame hauchagui. Kabla ya kuzidisha katika mtihani, jiulize kwanza: je, mambo haya hayategemeani?

Zoezi
1. Ukipanda punje tatu tatu, katika mashimo 1000 mangapi yatakuwa matupu?
2. Jirani yako amepima punje 100, zimeota 90. Kadiria gunia lake.

Majibu: (1) Mashimo 8. (2) Kati ya 84 na 96 kwa mia.

Kwaherini, na kila la heri katika mtihani.