Pampu Iliyofungwa Mwaka wa Mvua

Pampu ya kisima ikinyamaza Dodoma, kesi yake husikilizwa haraka na hukumu huwa tayari kabla ya shahidi wa kwanza. Fundi anaitwa, bomba linavutwa, pampu inatoka shimoni ikinuka kuungua, na mwenye nyumba anaambiwa jambo moja kati ya mawili: aliuziwa feki, au umeme wa mtaa huu ni mdogo. Mota inapelekwa kusukwa upya au inanunuliwa nyingine, kisha inarudishwa kwa bomba lilelile, urefu uleule. Miezi inapita na kesi inafunguliwa tena. Jiji limetanuka kwa kasi tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia makao makuu, na pembezoni, ambako nyumba hutangulia bomba la mamlaka ya maji, wengi wamejichimbia visima uani. Kwao gharama hii ya kufufua pampu imekuwa kama kodi ya pili ya nyumba. Hoja ya makala haya ni kwamba mshtakiwa siye. Katika nchi kavu pampu huuawa kwanza na usawa wa maji uliobadilika bila mtu kujua. Kwa hiyo matengenezo yaanze kwa kupima kisima, na spana ije baadaye.

Ili kuona kwa nini, inabidi tushuke ndani ya kisima. Pampu ya kuzamisha inayotumika majumbani ni silinda nyembamba inayopita kwenye bomba la kisima bila kugusa kuta. Mota iko chini, mapanga yanayosukuma maji yako juu, na mdomo wa kunyonya uko katikati yao. Mpangilio huo una maana yake: maji yanayopanda kuelekea mdomoni hupita kwenye ngozi ya mota na kuondoka na joto lake, na hayohayo ndiyo hulainisha beringi za pampu. Mashine hii haina feni. Maji inayoyavuta ndiyo pia yanayoipoza. Usawa ukishuka chini ya mdomo, kupozwa na kulainishwa vinakatika kwa pamoja, na mapanga, ambayo kwenye pampu nyingi za majumbani ni ya plastiki ngumu, huanza kulegea na kushikana ndani ya muda mfupi kuliko wa mtu kwenda dukani na kurudi. Kabla ya hapo huwa kuna dalili. Bomba linaloingia kwenye simtanki linakohoa, maji yanakuja kwa vipande, meupe kama maziwa kwa sababu ya hewa. Watu husema presha imepungua, wanasubiri irudi.

Ushahidi mzito kuhusu usawa huo hauko mbali na jiji. Kaskazini mwake, Makutupora, kuna visima vilivyoinywesha Dodoma kwa miongo mingi, na ni miongoni mwa sehemu chache za nchi kavu za kitropiki ambako usawa wa maji ya ardhini umeandikwa kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 2013 jarida la Nature Climate Change lilichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo za miaka 55, ulioongozwa na Richard Taylor wa University College London na wenzake, wakiwemo wataalamu wa Tanzania. Walichokiona kinavunja picha ambayo wengi wetu tunayo kichwani, ya kisima kinachojazwa kidogokidogo kila msimu wa mvua. Makutupora haikuwa hivyo. Usawa ulishuka mwaka baada ya mwaka huku mvua za kawaida zikinyesha na kuishia juu ya udongo. Kisha ukaja msimu mmoja wa mvua zisizo za kawaida, za aina inayoambatana na El Niño na joto la Bahari ya Hindi, maji yakapanda ghafla, na mteremko ukaanza upya. Msimu wa 1997/98, ambao watu bado wanauita mvua za Elnino bila kuulizana ni ipi, ulikuwa mmoja wa hiyo michache iliyojaza ghala. Wagogo husimulia kwamba jina la Dodoma limetokana na tembo aliyedidimia kwenye tope alipokwenda kunywa. Siku hizi yanayodidimia ni maji yenyewe.

Sasa fikiria kisima kilichochimbwa mara baada ya msimu kama huo. Mchimbaji anapima, anaona maji yako juu, ananing'iniza pampu kwa kuacha mita kadhaa za akiba, anaondoka, na hajakosea. Amefunga pampu kwa kipimo cha mwaka wa neema. Tuchukue mfano: maji yametulia mita 30 chini ya ardhi, pampu ikivuta yanashuka hadi mita 48, na pampu imefungwa mita 55. Mita saba za akiba zinaonekana nyingi. Lakini ikifuata miaka mitano ya mvua haba, usawa wa kutulia ukashuka mita nane, ule wa kuvuta nao utashuka angalau mita hizo nane na kufika 56. Pampu iko hewani, ilhali kisima bado kina maji na kila asubuhi kinaonekana kizima, kwa kuwa usiku kucha maji yamerudi juu. Hapo ndipo watu hupotezwa. Kuna usawa wa maji yakiwa yamelala na usawa wa maji yakiwa yanavutwa, na pampu inaishi kwenye huu wa pili. Tena sehemu kubwa ya Dodoma imekaa juu ya mwamba wa itale, ambamo maji hayakai kama ziwani. Yamo kwenye tabaka la mwamba uliooza na kwenye nyufa chini yake. Usawa ukipita chini ya ufa mkuu, kisima kilichokuwa kikitoa ndoo baada ya ndoo kinaweza kubaki cha kudondosha, na hakuna mota duniani ya kuziba pengo hilo.

Mtu anaweza kusema Makutupora ni bonde lake, na kiwanja cha Nala au Ihumwa, pembezoni mwa jiji, ni kingine. Kweli. Kina kinatofautiana hata kati ya majirani wawili, na mita za Makutupora hazihamishiki. Kinachohamishika ni mwendo wake, kwa sababu mvua ni ileile: chini ya milimita 600 kwa wastani wa mwaka, karibu yote ikibanwa kati ya Desemba na Aprili, chini ya jua linaloweza kukausha mara kadhaa ya hiyo. Na kwa kuwa kila kisima kina tabia yake, kila kisima kinahitaji kipimo chake. Pingamizi hilo linaongeza sababu ya kupima.

Pingamizi zito zaidi ni la fundi mwenyewe: feki zipo, na umeme mdogo upo. Vyote viwili ni kweli. Voliti zikishuka kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi chini ya 230, mota hudai ampia nyingi ili kufanya kazi ileile, na ampia ndizo zinazochemsha nyaya. Waya mwembamba uliovutwa kutoka kwenye mita hadi mwisho wa kiwanja, kisha mita 60 kushuka shimoni, unaongeza ubaya huo. Ila vifo hivi haviachi maiti inayofanana, na ndiyo maana pampu iliyokufa inapaswa kufunguliwa kabla ya kuhukumiwa. Mapanga yaliyoyeyuka au kushikana, mota ikiwa bado ina uhai, yanasema pampu ilizunguka bila maji. Mapanga yaliyolika kama yamepigwa msasa yanasema mchanga. Kapasita iliyovimba kwenye boksi la kuwashia lililo ukutani inasema umeme, na hiyo ni ya bei ndogo. Kuna pampu zinazovutwa shimoni kwa gharama ya siku nzima kumbe ugonjwa ulikuwa ukutani. Nyaya zilizoungua huku mapanga yakiwa safi ndizo zinazorudisha lawama kwenye voliti, au kwenye mota iliyokuwa haipozwi. Hutokea hivyo pia pale pampu inapofungwa chini ya matundu ya bomba la kisima yanayoingiza maji: maji huja kutoka juu, yanaingia mdomoni bila kuigusa mota. Dawa yake ni kipande cha bomba la plastiki kinachovishwa mota ili maji yalazimike kupitia chini. Ni kazi ya dakika chache.

Hapa inafaa kusema neno kuhusu stata, swichi ya kuwashia na kulinda mota, maana wengi hulala usingizi kwa kuiamini. Ile ya kawaida imefundishwa kushtuka ampia zinapopanda, kama pale mchanga unaposhika mapanga. Pampu inayozunguka hewani haina mzigo, na ampia zake hushuka. Mlinzi yuko getini, lakini anatazama upande mmoja tu. Anayetaka ulinzi wa kisima kinachokauka anunue kifaa kinachokata pia ampia zinaposhuka, au chenye vipima maji viwili vinavyoteremshwa kisimani, kimoja juu ya pampu cha kuzima na kingine juu zaidi cha kuruhusu iwake tena. Boya la kwenye tangi halifanyi kazi hiyo. Lenyewe linajua habari za tangi tu.

Ushauri unaotolewa mara nyingi maji yakipungua ni kununua pampu kubwa. Ni kama kumkamua kwa nguvu zaidi ng'ombe aliyekwisha kamuliwa: nguvu ya kuvuta haiongezi kilichomo. Mwamba hutoa lita zake kwa dakika, na pampu inayovuta kuzidi hizo inateremsha usawa hadi mdomoni mwake na kuvuta mchanga njiani. Kwenye kisima dhaifu pampu ndogo inayofanya kazi saa nyingi hutoa maji mengi kwa siku kuliko kubwa inayowaka na kuzimika, tena hudumu zaidi, kwa sababu kila kuwaka hula ampia mara tano au sita ya zile za kawaida, na joto la kuwaka mara kwa mara hujikusanya ndani ya mota. Simtanki kubwa, hata la lita 5,000, ni msaada mkubwa kuliko nguvu farasi. Kuishusha pampu chini zaidi kuna nafasi yake, mradi kisima kina urefu na pampu ina uwezo wa kupandisha toka huko. Ila kuiweka karibu na kitako ni kuizika kwenye tope.

Basi tupime nini, na kwa gharama gani? Wapo watakaosema hii ni kazi ya wahandisi wa bodi ya bonde la maji, si ya mama mwenye nyumba. Tazama vifaa. Siku pampu inaporudishwa shimoni, teremsha sambamba nayo bomba jembamba la plastiki la nusu inchi au robo tatu, lenye matundu mwishoni; gharama yake ni ndogo mbele ya mota moja, na bila hilo kamba ya kupimia hunasa kwenye waya wa pampu. Ndani ya bomba hilo shusha nyaya mbili nyembamba zilizofungwa pamoja, ncha zikiwa wazi na hazigusani, zikiwa zimeunganishwa na mita ya fundi umeme. Zikifika majini mita inacheza. Weka alama kwenye waya, pima mita zake. Kisha chukua muda wa kujaza lita 1,000, na usome mita ya umeme ya LUKU kabla na baada, vitu vingine vikiwa vimezimwa. Kunyanyua lita 1,000 kutoka mita 60 kunahitaji uniti 0.16 kwa hesabu ya fizikia tupu, na pampu ndogo, pamoja na upotevu wake wote, inaweza kula karibu nusu uniti. Namba yako yoyote itakayotoka iandike. Kinachosema ukweli ni kubadilika kwake.

Uzuri wa namba hizi ni kwamba zinatoleana ushahidi. Muda wa kujaza ukiongezeka na usawa wa maji umeshuka, mgonjwa ni kisima, na pampu isiguswe isipokuwa kwa kupunguzwa saa za kazi au kushushwa. Muda ukiongezeka na usawa uko palepale, basi mapanga yamelika au bomba limetoboka njiani, hasa kwenye viungo vya chuma pale ambapo maji ni ya chumvi. Pampu ikizimwa na maji yakasikika yakirudi shimoni, vali ya kuyazuia imechoka. Fundi akikuta daftari la mwaka mmoja la namba hizo, anaokoa siku ya kupiga ramli.

Sola haiondoi haja ya kupima, ingawa huuzwa kama mwisho wa matatizo. Umeme wa LUKU, kwa ubaya wake wote, ulikuwa breki: mtu alizima pampu akihofia uniti. Jua halitumi bili, kwa hiyo pampu huvuta kuanzia asubuhi hadi jioni, bustani inapanuliwa, jirani anauziwa, na majirani wanne wanaovuta kutoka ufa mmoja wanashushiana maji bila kujuana. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka vibali vya matumizi na bodi za mabonde kwa sababu kama hizo, lakini bodi haiwezi kulinda usawa ambao hakuna anayeupima uani. Pa kuanzia papo: mchimbaji anapomaliza, anapaswa kuwa na karatasi yenye kina cha kisima, mahali pa matundu, usawa wa kutulia na lita alizopata siku ya majaribio. Karatasi hiyo ni mali ya nyumba kama hati ya kiwanja, na anayenunua nyumba yenye kisima aidai kabla ya kulipa.

Kipimo kinachofaa kuliko vyote ni cha Novemba, kabla ya mvua, asubuhi kabla mtu hajafungua bomba, kikifuatiwa na kingine baada ya pampu kuvuta kwa saa mbili. Hiki cha pili kikionyesha kwamba juu ya pampu zimebaki mita tatu au nne tu, na fundi ana nafasi ya kuishusha, aitwe wiki hiyohiyo, wakati pampu bado inafanya kazi.