Dira Ilipozunguka: Je, Ni Visahani vya Angani?

Nilipokuwa kijana nilipanda jahazi la ami yangu kutoka Lamu kwenda Mombasa. Ulikuwa msimu wa kaskazi, na usiku wa kiza. Usiku ulipopevuka, ami, ambaye ndiye nahodha, aliamka, akatazama nyota, akatazama tanga, kisha akamwuliza mshika usukani, "Wewe, watupeleka wapi?" Yule akajibu kwa adabu, "Nafuata dira, nahodha." Kweli alikuwa akiifuata. Lakini dira ilikuwa imepotoka, na chombo kilielekea miambani.

Baharia mmoja akasema huyo ni jini wa bahari, na tusome dua. Nahodha akamjibu, "Dua tutasoma. Kwanza leteni karabai." Karabai ilipoletwa tukaiona redio yangu ndogo, niliyoiweka kando ya sanduku la dira nilipokwenda kulala. Ndani ya spika ya redio mna sumaku. Ilipoondolewa, sindano ikarudi mahali pake. Haya niliyoiona usiku ule sijaisahau hadi leo.

Kisa hicho hunijia kila nisomapo habari za visahani vya angani, maana mara nyingi husemwa kwamba vikipita karibu, dira za ndege hupagawa.

Chukua kisa cha Oktoba 18, 1973. Karibu saa tano za usiku, helikopta ya jeshi la akiba la Marekani ilikuwa ikitoka Columbus kwenda Cleveland, katika jimbo la Ohio. Ndani walikuwamo wanajeshi wanne, mkuu wao Kapteni Lawrence Coyne. Karibu na mji wa Mansfield waliona taa nyekundu ikiwajia mbio kutoka mashariki. Coyne akihofia kugongwa, akaishusha helikopta kutoka futi 2,500 hadi 1,700. Kwa maelezo yao, kitu cha kijivu, kirefu kama sigara nene, kilisimama juu mbele yao, kikawamulika kwa mwanga wa kijani, kisha kikaenda zake. Walipotazama vipimo, walikuta wamefika futi 3,500 na wangali wakipanda, ilhali mtaimbo wa kupandishia helikopta ulikuwa umeshushwa chini. Redio ilikuwa kimya. Dira ilikuwa ikizunguka.

Watu wanne kushuhudia jambo moja si jambo la kuchekwa. Mwandishi wa Marekani Philip Klass, aliyekuwa mpinzani mkubwa wa habari hizi, alisema walichokiona ni kimondo, na kwamba rubani kwa hofu aliipandisha helikopta bila kujitambua. Waliompinga walijibu kwamba kimondo hakisimami mbele ya mtu. Mabishano hayo hayajaisha.

Sasa tuiulize dira yenyewe. Ndegeni mna za namna mbili. Ya kwanza ni sindano ya sumaku, ndugu ya ile ya jahazini. Ya pili hutumia jiroskopu. Msomaji aliyecheza pia utotoni ataifahamu mara moja: pia ikizunguka kwa kasi husimama wima na kukataa kuanguka. Jiroskopu ni gurudumu dogo lizungukalo maelfu ya mara kwa dakika, nalo hushikilia upande wake hata ndege ikipinda. Sumaku haiivuti kama ivutavyo sindano. Lakini nayo hupotoka kidogo kidogo, kwa hiyo mafundi wameiunganisha na kipima sumaku, kiwe kikiirekebisha. Kipima hicho kikidanganyika, au umeme ukikatika, dira ya jiroskopu nayo hupotea.

Kuna na hesabu nyingine. Nguvu ya sumaku hufifia upesi mno: umbali ukizidi mara mbili, hubaki sehemu moja katika nane, ukizidi mara kumi, hubaki moja katika elfu. Redio yangu ilikuwa shibiri moja tu kutoka kwenye dira. Kitu kilicho mbali mita mia, ili kiizungushe dira, hakina budi kuwa na sumaku kubwa ya ajabu.

Wapo waliojaribu kuhakikisha. Huko Kanada, mhandisi Wilbert Smith aliamini kwamba visahani huenda kwa nguvu ya sumaku, na mwaka 1950 akaanzisha uchunguzi kwa ridhaa ya idara yake ya serikali. Aliweka kituo Shirley's Bay, karibu na Ottawa, chenye vipimo vya sumaku na vya uzito. Agosti 8, 1954, kipimo cha uzito kilitikisika ghafla. Wakakimbilia nje kutazama, wakakuta mbingu imefunikwa na mawingu. Hawakuona kitu. Mwezi huo huo serikali ikajitoa.

Hata mwaka 2023, jopo la wataalamu wa NASA lilisema halikuona ushahidi kwamba mambo haya yatoka dunia nyingine, na kwamba habari zilizokusanywa ni dhaifu mno.

Wazee wetu walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nami sikatai: dira ya Coyne huenda ilizunguka kweli. Lakini sindano hutuambia kwamba imesumbuliwa. Haitutajii jina la aliyeisumbua. Na dini yetu yatuamrisha tuihakikishe habari kabla ya kuitangaza.

Ami yangu, Mungu amrehemu, hakumkebehi yule baharia aliyetaja jini, wala hakumfuata. Aliagiza taa kwanza.