Kupachika Nyutroni Moja

Kiini ni kidogo kuliko atomu yenyewe kwa zaidi ya mara elfu kumi, na hakuna hadubini ya mwanga inayokifikia. Njia mojawapo ya kujua nyutroni zimepangwaje humo ndani ni kukiongezea nyutroni moja tu, kisha kuchunguza imekaa wapi.

Nyutroni hiyo huletwa na deuteroni, yaani protoni na nyutroni zilizoshikana kwa ulegevu. Deuteroni ikipita kandokando ya kiini kikubwa, nyutroni hunaswa na protoni huenda zake. Protoni hiyo ndiyo shahidi. Nishati yake hutaja ngazi ya nishati ambayo nyutroni imeshika. Pembe ambayo protoni huruka nayo hueleza nyutroni inazunguka vipi. Maana ya pembe hizo aliifumbua mwanafizikia Stuart Butler mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati ambapo Maria Goeppert Mayer na Hans Jensen walikuwa wameshaeleza kwamba ngazi zikijaa kwa nyutroni au protoni 50 au 82, kiini huwa imara kuliko jirani zake.

Mtihani mkali wa wazo hilo ni stani 132: protoni 50, nyutroni 82. Imejaa pande zote mbili. Lakini nusu yake huoza ndani ya sekunde 40 hivi, kwa hiyo huwezi kutengeneza bamba lake ukalirushia deuteroni. Watafiti wa Oak Ridge, Marekani, wakageuza kibao: wakairusha stani yenyewe ikapige utando mwembamba wa polithini ambayo hidrojeni yake ilikuwa ya aina nzito, iliyosheheni deuteroni. Vitambuzi vya silikoni vikazinasa protoni.

Mwaka 2010 kundi hilo, likiongozwa na Kate Jones, lilichapisha majibu. Zilionekana ngazi nne, mojawapo haijawahi kuonekana kabla, na katika kila moja nyutroni ya 83 ilikaa karibu kama iko peke yake, bila kuzivuruga zile 82. Kwangu, hicho ni kati ya vipimo safi kabisa katika fani hii.

Faida yake inafika mbali. Nyota za nyutroni zikigongana, viini hulishwa nyutroni kwa kasi kubwa, na humo huzaliwa dhahabu. Vingi vya viini hivyo havijawahi kutengenezwa maabara. Hesabu zake huegemea vile tulivyoweza kuvipima. Ndiyo maana watafiti wa CERN, maabara ya Ulaya, nao walichukua zebaki 206, ambayo nyutroni zake 126 pia hujaza ngazi, wakaiongezea moja.