FEDHA: JINA MOJA, MAANA MBILI

Katika majina ya madini, hakuna lililozoeleka majumbani mwetu kama jina la fedha. Asubuhi mama amwambia mtoto wake achukue fedha aende dukani. Jioni sonara amwambia mama yule yule kwamba kikuku chake ni cha fedha, si cha dhahabu. Neno ni moja, na vitu ni viwili. Mwezi huu twapenda, wasomaji wetu watukufu, tulitazame neno hili kwa utulivu, kwani mna hukumu za dini ambazo mtu huzipoteza kwa kukosa kujua maana tu.

Asili yake ni Kiarabu, nako ni jina la yale madini meupe. Herufi yake ya katikati ni dhwadi, ile iliyomo katika Ramadhani na ridhaa. Ama dh ya dhahabu hiyo ni dhali, herufi nyingine kabisa. Lakini ulimi wa Kiswahili umezikusanya pamoja. Imamu Al-Qurtubi, aliyefariki mwaka 1273, ametaja katika tafsiri yake kwamba jina la dhahabu limechukuliwa katika kwenda, na jina la fedha katika kutawanyika. Kitenzi hicho cha kutawanyika ndicho kilichomo katika Sura ya Al-Jumua, aya ya 11, inayowataja watu walioiona biashara wakaikimbilia, wakamwacha Mtume (S.A.W.) amesimama. Basi majina yenyewe ni mawaidha: moja lasema nakwenda zangu, na la pili lasema natawanyika. Nao wazee wetu hawakukosa waliposema kwamba fedha ilivunja nguu.

Sasa, jina la madini liligeukaje kuwa jina la malipo? Sababu yake ni kwamba zamani malipo yenyewe yalikuwa madini. Katika pwani yetu na Arabuni watu walitumia riale yenye sura ya Maria Theresa wa Austria, iliyoandikwa mwaka 1780, nayo ilikuwa ya fedha. Ikatumika pia rupia ya Bara Hindi, na jina la rupia latokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya fedha iliyofuliwa. Aliyelipa alitoa fedha hasa, ikapimwa na ikalia juu ya jiwe. Kisha mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, nayo fedha yake ilikuwa robo tu. Shilingi za mwaka 1948 hazikuwa na fedha hata chembe. Mwaka 1966 Tanzania, Kenya na Uganda zikaanza kutoa sarafu na noti zao zenyewe. Madini yaliondoka, jina likabaki. Wala si sisi peke yetu, kwani Wafaransa nao huyaita madini haya na pesa kwa neno moja.

Katika Sura ya Al-Kahf, aya ya 19, vijana wa pangoni walimtuma mwenzao mjini akanunue chakula kwa sarafu zao za fedha. Neno lililotumika hapo ni wariq, na herufi zake ni zile zile za waraq, yaani karatasi, ambamo sisi tumepata neno waraka. Na leo waraka ndio sarafu.

Yatupasa basi tujue lini neno hili lina maana ya madini na lini lina maana ya mali. Tunapowafundisha watoto chuoni kwamba ni haramu kula na kunywa katika vyombo vya fedha, wako wanaodhani vimekatazwa visanduku vya kuwekea pesa. Hapa makusudio ni madini. Kadhalika twasema kwamba mwanamume ameharimishiwa kuvaa dhahabu, na pete ya fedha ameruhusiwa, naye Mtume (S.A.W.) alikuwa na pete ya fedha, akiitumia kupigia muhuri barua zake.

Lakini kosa kubwa zaidi ni la upande wa pili. Katika Sura ya At-Tawba, aya ya 34, Mwenyezi Mungu amewaonya wanaolimbika dhahabu na fedha wasizitoe katika njia yake. Husikika mtu akisema: Mimi sina madini, nina noti tu, na nyingine zimo katika simu, zaka yanihusu nini? Huyu amelishika jina akaiacha maana. Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Amman mwaka 1986, lilikata kwamba pesa za karatasi zina hukumu za dhahabu na fedha katika zaka na katika riba. Na lau si hivyo, mafukara wangepoteza haki yao siku ile shilingi ilipotolewa fedha.

Nisabu ya fedha ni dirhamu 200, ambazo wanavyuoni wengi wa leo huzikadiria kuwa gramu 595. Na ya dhahabu ni dinari 20, yaani gramu 85. Zamani nisabu hizi mbili zilikaribiana kwa thamani. Leo gramu moja ya dhahabu hununua makumi ya gramu za fedha, kwa hiyo mwenye akiba ya wastani huwajibika kwa kipimo cha fedha, na kwa kipimo cha dhahabu akawa hawajibiki. Wanavyuoni wengi wamekichagua cha fedha kwa maslahi ya mafukara; Sheikh Yusuf al-Qaradawi amekichagua cha dhahabu. Sisi twaona kwamba cha fedha ndicho chenye tahadhari zaidi. Msomaji na amwulize sheikh wake, kisha ashike kimoja, asiwe akihama mwaka hata mwaka kuikimbia zaka. Akiba ikitimia nisabu na ikapitiwa na mwaka wa mwandamo, hutolewa sehemu moja katika arubaini.

Ama mapambo ya halali ya mwanamke, katika madhehebu ya Shafii hayana zaka, na kwa Hanafi yanayo.

Basi kila mwenye nyumba na aihesabu akiba yake kabla haijatawanyika kama jina lake. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuitawanya kwa mikono yetu, katika njia ya kumridhisha. Amin.